Kuni mbichi zinakaa motoni, mvuke hauonekani

Wiki iliyopita, kwenye kiwanda cha chai huku Usambara Mashariki, mwenzangu alinionyesha lundo la mikaratusi iliyokatwa juzi, gome bado linateleza. "Fundi, hizi ndizo za kubana matumizi. Kavu zinaisha upesi, mbichi zinakaa motoni." Neno hili nimelisikia Muheza, nimelisikia Lushoto, na sasa limenichosha.

Zinakaa, ndiyo. Zinakaa kwa sababu zinachemsha maji yao kabla ya kuchemsha ya boila, tangi linalotoa mvuke wa kukaushia chai. Mkaratusi mbichi una maji karibu nusu ya uzito wake. Ukipakia kilo 100, umetia tanuruni kama lita 50 za maji. Kilo moja ya kuni hizo inatoa joto la megajuli 8 hivi. Iliyokauka hadi unyevu wa asilimia 20 inatoa 14. Anayenunua kwa uzito analipia maji, na nauli ya maji.

Hapa watu wa hesabu hunikatiza: kuyageuza maji hayo kuwa mvuke kunakula kama sehemu moja kati ya saba ya joto, sasa kelele za nini? Hesabu ni sahihi, ila wameishia njiani. Kinachotuumiza ni moto kupoa. Zaidi ya theluthi mbili ya uzito wa kuni kavu huondoka kama gesi, nayo huwaka juu ya chanja, vyuma vinavyobeba kuni, ikikuta hewa na joto la kutosha. Tanuru likipoa, gesi inapanda dohani, bomba la moshi, bila kuwaka, nyingine inaganda kwenye mirija ya boila ikawa masizi na lami. Mpakiaji anaona presha inashuka, anafungua mlango achochee; hewa baridi inajaa, moto unapoa zaidi. Anaongeza kuni mbichi! Nimeutazama mzunguko huo zamu nzima za usiku, hadi mashine ya kukaushia ikasimama kungoja joto. Na chai iliyokwisha kuchachuka haingoji.

Masizi kwa ufupi: weka kipimajoto kwenye dohani. Kwenye presha ya bar 7 mvuke una nyuzi 170 hivi. Moshi utoke na joto la juu kidogo ya hapo. Joto hilo likipanda siku hadi siku kwa kazi ileile ya boila, masizi yanalizuia lisiingie majini; sugua mirija. Kila nyuzi 20 za ziada zinakula takriban asilimia moja ya kuni.

Lipo linalonisumbua bado. Kuni kavu mno, zilizopasuliwa nyembamba, hutoa gesi haraka kuliko hewa inavyofika, na moshi mweusi unatoka vilevile. Kwa hiyo napakia kidogo kidogo, mlango unafungwa mara moja. Kuhusu unene, nimebadili rai mara nyingi. Sasa nashikilia vipande vinene kama mkono wa mtu mzima, na boila jingine huenda likanikatalia.

Kukausha kunaanza na kupasua. Gogo zima lenye gome linaweza kulala mwaka na moyo wake bado mbichi. Panga juu ya miti, zisiguse udongo, bati juu, pembeni wazi upepo upite. Turubai lililofunika hadi chini linazivundika. Kata masika yakiisha, ili kiangazi kikufanyie kazi kabla ya vuli.

Mwenzangu nimemchagulia vipande vitano, tumevipima na kuviandika uzito kwa chaki. Atavipima kila Jumamosi, na havigusi moto mpaka mizani iache kushuka.