Nafuu ya ulemavu, na wanaoitumia bila kuihitaji

Nafuu ya ulemavu ni badiliko linalofanywa katika utaratibu wa kawaida ili mtu mwenye ulemavu apate kile ambacho wengine wanakipata. Njia ya mteremko pembeni ya ngazi za ofisi ni nafuu. Mkalimani wa lugha ya ishara kanisani ni nafuu. Mwanafunzi mwenye uoni hafifu akichapiwa maswali ya Exetat, mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari, kwa herufi kubwa, amepewa nafuu. Na mama mwenye magongo akiambiwa na mlinzi wa hospitali, «Mama, usisimame hapo, kaa kwenye benchi, zamu yako ikifika tutakuita,» hiyo nayo ni nafuu. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyezidishiwa kitu. Mama wa magongo ataonana na daktari yule yule, atalipa fishi, ile karatasi ya kumwona daktari, kwa bei ile ile, na zamu yake haikusogea. Alichoondolewa ni kizuizi ambacho wenye miguu mizima hawakijui.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unasema kwamba kumnyima mtu marekebisho ya aina hii, pale yanapowezekana bila kuleta mzigo uliopita kiasi, ni ubaguzi. Kongo iliingia katika mkataba huo mwaka 2015, na tarehe 3 Mei 2022 ikapata sheria yake yenyewe, namba 22/003, inayolinda na kukuza haki za mtu anayeishi na ulemavu. Kwa hiyo hapa tunazungumza juu ya haki. Wengi wetu bado tunaiona kama huruma ya mlinzi, na matatizo mengi huanzia hapo, maana huruma kila mtu anaweza kuiomba.

Kuitumia nafuu vibaya ni kupita kwenye njia iliyofunguliwa kwa sababu ya kizuizi ambacho wewe huna. Kwa maneno ni jambo rahisi. Kwa matendo lina sura nyingi, na mfano wake uliosimuliwa sana unatoka kwenye bustani kubwa za burudani za Marekani, hasa zile za Disney huko Florida na California.

Hapa Goma, mashariki ya Kongo, hatuna bustani za namna hiyo. Tunazijua kwa video za ndugu walio ng'ambo, wale wa Paris wanaowapeleka watoto Disneyland ya Marne-la-Vallée, na wale wa Marekani ambao huweka akiba mwaka mzima ili familia ikae Florida siku tatu. Jambo ambalo video hazionyeshi ni mstari. Siku ya watu wengi, mtu anaweza kusimama saa moja au mbili, kwenye joto, kwa ajili ya mchezo wa dakika chache: treni inayopanda na kuteremka kwa kasi, au mashua inayopita gizani. Kwa mtoto mwenye usonji ambaye kelele na kubanwa na watu humfanya apige kichwa ukutani, mstari huo ni ukuta. Ndiyo maana bustani hizo ziliweka nafuu.

Kwa miaka mingi Disney ilitoa kadi iliyoitwa Guest Assistance Card. Mgeni alikwenda kwenye ofisi ya wageni, akaeleza shida yake, akapewa. Hakudaiwa barua ya daktari. Mara nyingi kadi ilimpitisha yeye na familia yake kwenye mlango wa pembeni, bila kungoja au kwa kungoja kidogo sana. Ulikuwa ukarimu wa kweli, na ulibeba faida kubwa kuliko hitaji lenyewe: asiyeweza kusimama saa mbili alipewa kutongoja kabisa. Tofauti hiyo kati ya hitaji na faida ndiyo iliyowavuta wasiohusika. Wengine walidanganya ofisini. Wengine walikodi kiti cha magurudumu asubuhi na kupokezana kukikalia.

Mei 2013 gazeti la New York Post liliandika kwamba familia tajiri za Manhattan zilikuwa zikimkodi mtu mwenye ulemavu atembee nao ndani ya bustani kama ndugu, ili wote wapite mlango wa pembeni. Bei ilikuwa dola 130 kwa saa, yaani dola 1,040 kwa siku ya saa nane. Watu walikasirika sana. Mimi naona kisa hicho kinafundisha jambo moja ambalo hasira ililifunika: nafuu ilikuwa halali, na ulemavu wa yule aliyekodiwa ulikuwa wa kweli. Kilichoghushiwa ni undugu. Nafuu ya kwenda na wasaidizi au familia ipo kwa sababu hakuna anayekwenda bustanini ili apande mchezo peke yake huku watoto wake wakibaki mstarini, na uzio ulitobolewa hapo hapo penye utu zaidi.

Tarehe 9 Oktoba mwaka huo huo Disney iliifuta kadi ile na kuleta mpango mpya, Disability Access Service, ambao wageni huuita DAS. Hesabu yake ni hii. Unafika kwenye mchezo ambao mstari wake ni wa dakika 90. Unapewa saa ya kurudi, karibu na ile ambayo ungefika mbele kama ungesimama. Unakwenda kukaa kivulini, kumlisha mtoto, kumpeleka chooni. Saa ikifika unarudi na kupita kwenye mlango wa haraka. Unangoja kama wengine, ila hungoji ndani ya mstari. Kwa tapeli, utamu mwingi umekwisha hapo, na kwa wengi wenye ulemavu hitaji limetimizwa. Sijaona jibu la busara kuliko hilo katika historia nzima ya jambo hili.

Hata hivyo halikumtosha kila mtu. Kuna watoto wenye usonji ambao hawawezi kuelewa kwa nini wamefika mlangoni kisha wanaondolewa. Kwao «rudi saa nane na dakika ishirini» ni kilio cha saa nzima. Familia zao zilikwenda mahakamani. Mwaka 2020 jaji wa shirikisho huko Florida aliamua kwamba Disney haikuvunja sheria katika kesi moja ya namna hiyo. Kisheria Disney ilishinda. Kwa mama aliyezoea kumleta mwanawe kwa kadi ya zamani, ilikuwa hasara, naye hakumdanganya mtu yeyote.

Kisha ikaja fedha. Tangu mwaka 1999 Disney ilikuwa na FastPass, tiketi ya bure ya kurudi kwa saa fulani, ambayo kila mgeni aliweza kuchukua. Mwaka 2021 iliondolewa, na mlango wa haraka ukawa wa kulipia. Leo, siku za msongamano mkubwa, kuna pasi ya Florida ya kupita haraka inayofika zaidi ya dola 400 kwa mtu mmoja kwa siku moja, juu ya bei ya kiingilio. DAS ikabaki karibu njia pekee ya bure. Disney yenyewe ilisema kwamba sehemu ya wageni wanaotumia DAS imeongezeka zaidi ya mara tatu katika miaka mitano. Si wote hao walikuwa waongo, maana wengi walikuwa na hitaji la kweli ambalo zamani FastPass ya bure ililitimiza bila wao kulitaja. Ila ukiuza kwa mamia ya dola kitu ambacho dirisha la pili kinatolewa bure, usishangae kuona mstari umehamia kwenye dirisha la pili.

Mwaka 2024 uzio ukakazwa tena. Kuanzia Mei huko Florida na Juni huko California, Disney ilisema DAS sasa ni kwa wale ambao, kwa sababu ya ulemavu wa ukuaji kama usonji au hali inayofanana nao, hawawezi kungoja muda mrefu kwenye mstari wa kawaida. Mwombaji huhojiwa kwa video. Akigundulika amedanganya, anaweza kufungiwa bustani hizo maisha yake yote bila kurudishiwa fedha. Mtu mwenye ugonjwa wa utumbo anayehitaji choo kila nusu saa, au mwenye ugonjwa wa neva ambaye miguu inaweza kumwishia nguvu ghafla, wengi wao waliokuwa wakipokelewa sasa wanaelekezwa kwenye mipango mingine, kama kutoka mstarini na kurudi kwa wenzao. Hiyo ndiyo bei ya udanganyifu, na aliyelipishwa si mdanganyifu. Yule tajiri wa Manhattan sasa ananunua pasi. Mwenye ugonjwa wa utumbo ndiye aliyebaki nje.

Sisi wa Goma tunalo letu la kufanana na hilo. Kwenye Petite Barrière, mpakani na Gisenyi ya Rwanda, ambako kabla ya Covid makumi ya maelfu ya watu walivuka kwa miguu kila siku, watu wenye ulemavu wa miguu wana biashara yao inayojulikana. Baiskeli zao za magurudumu matatu, zinazozungushwa kwa mikono, zimeongezwa vyuma na mbao mpaka zinabeba mzigo wa mkokoteni. Inarudi moja kutoka Gisenyi: mifuko ya karoti na vitunguu nyuma, madumu ya mafuta pembeni, mwenyewe ameminywa katikati, pedali zikizunguka karibu na kifua chake, na vijana wawili wanasukuma huku wakipiga kelele watu wapishe. Watu wa duane, yaani forodha, kwa mazoea huwalegezea. Na mazoea hayo yanajulikana na wote. Ndiyo maana utasikia mama mwenye mtaji wake na miguu yake akisema, «Papa, nipitishie na huu wangu, nitakupa kitu,» na mzee anamjibu, «Mama, leo nimejaa, ngoja raundi ya pili.» Kule Kinshasa, kwenye bandari ya Ngobila wanakovukia kwenda Brazzaville, mambo yalianza tangu miaka ya 1970: wenye ulemavu walipunguziwa nauli na kulegezewa ushuru, msaidizi wao naye akapata nafuu, na baada ya muda wafanyabiashara wazima wakawa wanavuka kwa jina la usaidizi. Ni undugu ule ule wa kughushi, miaka mingi kabla ya kisa cha Manhattan.

Je, mzee wa baiskeli ni mdanganyifu? Mimi nasema hapana, au si kwa kipimo kile kile. Anauza kazi anayoweza kuifanya katika mji ambao ofisi nyingi zina ngazi na waajiri wachache humfungulia mlango. Mizigo yake mwenyewe, nafuu ile ni yake. Mzigo wa mama mwenye mtaji ndio usiokuwa na haki pale, na mwenye lawama ni mwenye mzigo. Tena, duane wakiamua siku moja kukaza kwa sababu ya mizigo hiyo ya kuazima, atakayesimamishwa na kufunguliwa mifuko ni mzee, huku mama akitafuta njia nyingine.

Kuna hatari ya pili ambayo inanisumbua kuliko ya kwanza: watu wakisikia habari za udanganyifu, huanza kukagua miili ya wenzao. Ulemavu mwingi hauonekani. Kijana aliyepata mguu bandia Shirika la Umoja hapa Goma, au Heri Kwetu kule Bukavu, akivaa suruali ndefu na viatu, utamwona mzima. Anatembea vizuri. Lakini baada ya nusu saa ya kusimama, kisiki kinachubuka ndani ya kombe la plastiki, na jioni atavua mguu akute damu kwenye soksi. Akiomba benchi, mstari mzima unanung'unika: «Huyu naye ana nini?» Je, akunje suruali mbele ya watu wote ili aaminiwe? Kifafa, selimundu, uziwi, usonji, vyote viko hivyo hivyo. Anayelinda nafuu kwa kuwaaibisha wanaoihitaji amewafungia mlango kabla ya tapeli kufika.

Kinachosaidia ni kuondoa faida iliyozidi hitaji. Zamani kwenye bustani zile kiti cha magurudumu kilipitishwa mlango wa pembeni kwa sababu mstari ulikuwa mwembamba na wenye ngazi. Walipoupanua, kiti kikaingia mstarini na wengine, na kwenye michezo hiyo kukodi kiti usichokihitaji hakukuleta tena faida. Kwenye mpaka wetu, ushuru wa mfanyabiashara mdogo ukiwa mdogo, ukibandikwa ukutani na kulipwa mara moja, mama mwenye mtaji hana sababu ya kumtafuta mzee. Na hospitalini, benchi na karatasi ya namba vikiwa vya kila mtu, hakuna wa kumwonea wivu mwenye magongo.

Pale ambapo bado lazima mlinzi au karani aamue nani apite, kuna swali moja linalotosha, na kwa kweli ndilo wanaloulizwa waombaji wa DAS: kitu gani katika mstari huu kinakushinda? Kijana wa mguu bandia ana jibu mara moja, naye atasema kusimama, kwa hiyo apewe kiti na namba yake ibaki pale pale. Mama mwenye mtoto wa usonji atasema kelele, basi angoje nje na apigiwe simu. Jina la ugonjwa libaki kati ya mtu na daktari wake.