Je, wajua kwa nini glakoma haiji na giza?

Baba mdogo alisukuma chukudu, ile skuta kubwa ya mbao ya kubebea mizigo, miaka mingi, akishusha viazi na makaa kutoka Kibumba hadi Goma, mashariki mwa Kongo. Mwaka wa mwisho akaanza kugonga vitu, na daima vya upande wa kushoto: mara ukuta wa mawe ya volkano, mara mama aliyebeba beseni la samaki wadogo wa sambaza. "Hakuwepo, halafu yupo," alikuwa akisema. Tulidhani ni uchovu. Biblia yake aliisoma kila jioni kwa miwani ileile.

Daktari alimkuta na glakoma, ambayo wengi huku tunaiita tansio ya macho, na tayari ilikuwa imekula sehemu kubwa ya kuona kwake kwa pembeni. Nilimuuliza giza lilianza lini upande huo. Akanijibu kwamba hajaona giza hata siku moja.

Sikumwelewa, maana glakoma niliijua kwa picha tu: barabara inaonekana katikati, na kuizunguka ni weusi mtupu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Niliamini picha ile kwa miaka. Katika utafiti uliotoka 2013, watafiti wa Uingereza waliwaonyesha wagonjwa 50 wa glakoma picha kadhaa, wakawaomba wachague inayofanana na wanavyoona. Hakuna aliyechagua bomba jeusi wala madoa meusi. Zaidi ya nusu walichagua picha yenye sehemu zilizofifia, wengine ile ambayo vitu vimetoweka, na robo hivi walisema hawajatambua upungufu wowote. Hao ni watu 50 tu, tena ambao kuona kwao kwa katikati kulikuwa bado kuzuri. Walio hatua za mwisho huenda wangejibu tofauti. Hata hivyo picha ile ya bomba ina hatari yake, kwa sababu anayengojea weusi ndipo akapimwe atangoja mno.

Ugonjwa wenyewe kwa ufupi: ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka bila kukoma. Yakitoka kwa shida, presha hupanda, na nyuzi za neva ya jicho, zinazokaribia milioni moja au zaidi, hufa kidogo kidogo. Hazioti tena. Wapo pia wanaougua presha yao ikiwa ya kawaida.

Sasa, kwa nini pasiwe na giza? Kwa sababu giza nalo ni habari. Ukimtuma mtoto sokoni Virunga akarudi kusema "leo hakuna sombe", yaani majani ya muhogo, umepata habari. Asipotumwa mtoto yeyote, hujui lolote kuhusu sombe, wala huulizi. Jicho zima ndani ya chumba kisicho na taa ni yule mtoto aliyerudi: linaleta taarifa kwamba hapa hakuna mwanga. Uzi wa neva uliokufa hauleti taarifa yoyote. Fikiria unaona nini nyuma ya kisogo chako sasa hivi. Si weusi, hakuna kitu.

Na ubongo haupendi kuacha pengo. Chora msalaba mdogo kwenye karatasi ya daftari, kisha sentimita 8 hivi kuliani weka nukta nene. Funga jicho la kushoto, kaza jicho la kulia kwenye msalaba, usogeze karatasi polepole. Ikifika kama sentimita 30 kutoka usoni, nukta inapotea. Hapo ndipo neva inapotokea jichoni, mahali pasipopokea mwanga. Mfaransa Edme Mariotte alipaeleza katika karne ya 17. Lakini tazama kinachobaki: karatasi nyeupe, na mistari ya daftari imepita palepale pa nukta bila kukatika. Ubongo umefanya kama fundi anayeziba tundu la kitenge kwa kipande chenye maua yaleyale. Tena sehemu ambayo jicho moja limeipoteza, mara nyingi jicho la pili huiona, na pengo linazidi kujificha.

Kwa baba mdogo nilichora nukta nyingi kushotoni mwa msalaba. Kila moja ilipotoweka, alisema karatasi ni nyeupe.

Kilichopotea hakirudi, matibabu hulinda kilichobaki kwa kushusha presha. Moshi, Tanzania, watafiti waliwalinganisha wagonjwa 201, baadhi kwa mwanga wa leza, wengine kwa matone ya timolol. Matokeo yalitoka 2021: baada ya mwaka mmoja tiba ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho ya leza, dhidi ya 31 ya matone. Ni mwaka mmoja tu, na kilichopimwa hasa ni presha, lakini kwa mtu wa kwetu ambaye chupa ya matone humwishia kabla ya kupata pesa ya nyingine, tofauti hiyo ni kubwa sana.

Ndugu wa damu wa mgonjwa wako katika hatari zaidi, kwa hiyo watoto wote wanne wa baba mdogo walipimwa. Mmoja, asiyeona kasoro yoyote, amekutwa na presha ya juu, ila neva bado nzima. Ameanza matone. Utafiti wa Marekani uliotoka 2002 uliwafuata watu 1,636 wa hali kama yake: baada ya miaka mitano glakoma ilikuwa imewapata asilimia 9.5 ya wasiotumia dawa, na 4.4 ya waliotumia.