Difu ya gari la rimoti inavuja: yanayosemwa na yaliyo kweli

Nazungumzia magari ya rimoti ya ukubwa wa 1:8, yale yenye difu tatu, ya mbele, ya kati na ya nyuma, kila moja na mafuta yake ya silikoni. Difu ni kasha la gia linaloruhusu magurudumu kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona.

"Jaza mpaka juu, difu itafanya kazi vizuri."

Sikubali kabisa, maana hapa ndipo difu nyingi huanzia kuvuja. Mafuta ya silikoni yakipata joto hutanuka, karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Difu ikitoka nyuzi 30 ikafika 70, mafuta yameongezeka kama asilimia 4, na kimiminika hakishindiliki. Pasipo nafasi ya hewa, presha hutafuta pa kutokea, na pa kutokea ni kwenye oringi za shafti, yaani vile vipete vya mpira vinavyozuia mafuta pale shafti inapotokea kwenye kasha. Jaza mpaka gia za spaida, zile gia ndogo za ndani ya difu, zifunikwe tu, kisha acha nafasi ndogo chini ya mfuniko. Wala usikimbilie kufunga. Mafuta mazito hushika mapovu. Yaache yatulie, hata usiku kucha, kiwango kishuke ndipo uongeze.

"Weka mafuta mazito zaidi, yataacha kuvuja."

Yatachelewa tu. Uzito wa mafuta huchaguliwa kwa ajili ya namna gari linavyokata kona. Ukitoa mafuta ya namba 5000 kwenye difu ya mbele ukatia ya 20000 (namba ikiwa kubwa, mafuta ni mazito zaidi), umepata gari jingine, na linavuja bado.

"Kaza skrubu kwa nguvu zako zote."

Kwenye kasha la plastiki utatafuna njia za skrubu na kupinda mfuniko. Kaza kidogo kidogo kwa kukingamana, gasketi ya kuzibia kati ya kasha na mfuniko iwe nzima, na pande zote mbili zifutwe mafuta zikauke.

"Oringi mpya inamaliza kazi."

Pitisha ukucha kwenye shafti pale oringi inaposugua. Ukinasa, vumbi limeshakula chuma. Badilisha na shafti pia. Oringi zenyewe chagua za mpira wa naitraili, kwa kuwa za mpira wa silikoni huvimba ndani ya mafuta ya silikoni.

Tena, si kila unyevu ni kuvuja. Grisi ya gia ya nje nayo hurukia kasha. Mimi nikishafunga difu huipima kwenye mizani ndogo ya gramu na kuandika uzito daftarini. Baada ya mbio kadhaa naifuta, naipima tena. Gramu zikiwa zilezile, siifungui.