Kabla hujanunua mashine ya kupunguza tumbo

Wiki iliyopita mama mmoja niliyewahi kumtibu goti alinitumia picha WhatsApp. Mkanda mweusi wenye waya na rimoti, umevalishwa dada mwembamba ambaye sidhani kama amewahi kuwa na kitambi maishani mwake. Chini yake ameandika: "Mwanangu daktari, hiki kinatoa tumbo kweli? Nimeambiwa zimebaki mbili tu."

Mimi si daktari, ni mtaalamu wa mazoezi tiba hapa Dar es Salaam, ila mtaani kwetu yeyote anayekushika goti ni daktari, nimeshazoea. Nikamjibu: "Shikamoo mama. Usitume hela kwanza." Kisha nikamrekodia sauti ndefu, ndiyo ninayoinyoosha hapa, maana swali lake naulizwa karibu kila siku.

Tuanze na huo mkanda. Unatetemesha tumbo, ngozi inapata joto, mtu anahisi kitu kinafanyika. Kinachotetemeka ni mafuta, lakini mafuta hayatoki kwa kutikiswa kama siagi kwenye kibuyu cha maziwa. Mwili unayachukua kutoka akiba zake zote, unayapitisha kwenye damu na kuyapeleka kwenye msuli unaofanya kazi. Msuli wa tumbo ukifanya kazi hauchoti mafuta ya jirani yake. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani walipima mafuta ya chini ya ngozi kwenye mikono ya wacheza tenisi, watu ambao mkono mmoja umepiga mpira kwa miaka na mwingine umekaa tu. Msuli wa mkono wa kuchezea ulikuwa mkubwa zaidi, mafuta yalikuwa sawasawa. Kwa hiyo gurudumu la tumbo, kiti cha tumbo na mkanda wa tumbo viko kapu moja: vingine vinaimarisha msuli, hakuna kinachochagua mafuta ya kuondoa.

Suti ya nailoni ya kutoa jasho ndiyo inayonikera zaidi. Lita 1 ya jasho ni kilo 1 kwenye mizani, na inarudi ukinywa maji. Kwa joto la Dar la mwezi wa pili, mtu mwenye presha akivaa kitu kile anatafuta kuanguka.

Sasa hesabu, kwa sababu bila hesabu utanunua kwa macho. Mtu wa kilo 80 akitembea haraka kwa nusu saa anatumia takriban kalori 170. Chapati moja iliyopikwa kwa mafuta ya kutosha inaweza kuzidi hapo. Kilo 1 ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Ukitembea hivyo siku 5 kwa wiki bila kugusa sahani yako, kilo 1 itakuchukua wiki 9 hivi. Sisemi hivi kumkatisha mtu tamaa. Nasema ili ujue kwamba kazi kubwa ya kupunguza inafanyika jikoni, na kifaa unakinunua kwa sababu nyingine: kulinda msuli usiishe pamoja na mafuta, kuweka moyo na sukari sawa, na kuzuia kilo zisirudi. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku 2. Kifaa chochote nakipima kwa swali moja: kitamfikisha huyu mtu kwenye dakika hizo, wiki ya kumi, akiwa amechoka na watoto wanalia?

Na mimi nimewahi kuingizwa mjini, acha niseme. Miaka ile naanza kazi nilinunua tredimili, mashine ya kukimbilia papo hapo, ya mtumba kutoka Japani, safi kabisa, imefutwa inang'aa. Muuzaji akaniambia "chomeka tu, hii kitu ngumu." Nikachomeka. Ilizunguka sekunde chache, ikatoa harufu ya plastiki na kamoshi kembamba, basi. Nilipoigeuza nikaona kibandiko nyuma: AC 100V. Umeme wetu ni volti 230. Tangu siku hiyo, kabla sijatazama mwendo wala kioo chake, napiga magoti nyuma ya mashine natafuta kibandiko. Ya Japani ni volti 100, ya Marekani 120, na utahitaji transfoma yenye uwezo wa kubeba mota hiyo. Ile ndogo ya redio haifai.

Ukiwa bado unaitaka tredimili, soma uzito wa juu inaoubeba, kisha uwe na nafasi ya kilo 20 hivi. Wewe una 95 na mashine imeandikwa 100? Iache. Nguvu ya mota huandikwa mara mbili, ile ya kilele na ile inayodumu. Wauzaji hutaja ya kilele, wewe uliza inayodumu. Panda juu yake dukani na viatu, utembee dakika 10, usione aibu. Na mkanda wake unapakwa mafuta maalumu ya silikoni. Nimeshakuta uliopakwa mafuta ya cherehani, na mmoja uliopakwa ya kupikia.

Kwa wagonjwa wangu wengi wenye magoti nasogea kwenye baiskeli ya mazoezi isiyotembea, ile ya sumaku isiyohitaji umeme. Haina kelele, umeme ukikatika unaendelea. Kosa ni siti kuwa chini. Weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukihamishia pedali kwenye unyayo wa mbele, goti litapinda kidogo, hapo ndipo panapotakiwa.

Lakini hela ikiwa ya kubana, na kwa wengi wetu ni ya kubana, nachagua kamba za mpira, jozi moja ya dumbeli na mkeka wa mpira usioteleza. Mkeka wa ukili kwenye vigae, ukishaingia jasho, ni ajali inayosubiri. Kamba za mpira chukua tatu za ugumu tofauti. Zivute kwenye mwanga utafute mipasuko midogo, na usizianike juani, jua linazila. Ukifunga kamba mlangoni, simama upande ambao mlango haufungukii kwako. Niliwahi kuona mtu amepigwa na kamba jichoni, sitaki kurudia.

Dumbeli zinachomelewa vizuri tu na mafundi wa vyuma, au unajaza saruji kwenye makopo mawili na bomba katikati, kama gym zetu za uswahilini zinavyofanya. Hata hiyo ikishindikana, chupa ya lita 1.5 ikijazwa mchanga mkavu inafika kama kilo 2.4, na dumu la lita 20 la maji ni kilo 20 kamili. Uzito unaokufaa ni ule unaokuruhusu mara 12 hadi 15, zile tatu za mwisho zikiwa za kusaga meno. Ukifika 15 huku unapiga stori, ongeza.

Kamba ya kuruka ni nzuri na rahisi, ila kila unapotua goti linapokea zaidi ya uzito wako wote. Mwenye kilo 100 asianzie huko.

Video sasa, ambako watu hawatumii hela hivyo hawafikiri. Mimi video mpya naiangalia mara ya kwanza nimekaa, chai mkononi, naweka alama kwenye karatasi kila mwalimu anaporuka. Nimewahi kufika alama 240 kwenye video iliyoandikwa kwamba ni ya wanaoanza. Hiyo simpi mtu. Namtafutia ambayo pembeni ya mwalimu kuna mtu wa pili anayefanya toleo jepesi tangu mwanzo hadi mwisho, si kwa sekunde tano tu za kuonyesha. Nataka mwalimu anayesema mguu unaelekea wapi kabla hajaubadilisha, kwa sababu kwenye planki huoni skrini. Na nataka kupasha mwili moto kuwe ndani ya video, si "hakikisha umeshapasha" halafu muziki unaanza.

Vichwa vya video navyo vinajieleza vyenyewe. "Punguza kilo 10 kwa siku 7." Kilo 10 za mafuta ni kalori 77,000, yaani 11,000 kila siku. Mtu wa kilo 80 akiruka kamba bila kupumzika anachoma 900 na ushee kwa saa. Piga mwenyewe: karibu saa 12 kwa siku, wiki nzima. Zile kalori zinazohesabika pembeni ya skrini nazo sizitazami, hazijui uzito wako wala kama umekaa kwenye kochi.

Halafu kuna Tabata. Jina linatoka kwa Izumi Tabata wa Japani, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1996: sekunde 20 za kujikamua, 10 za kupumzika, mara 8 hivi, jumla dakika 4. Waliofanya walikuwa vijana wa michezo, juu ya baiskeli ya maabara, na kilichopimwa ni uwezo wa kutumia oksijeni na kuhimili kazi kali, si kitambi. Video ya nusu saa inayoitwa Tabata ni mazoezi ya kawaida yenye saa ya kuhesabia. Inaweza kuwa nzuri, ila ukiweza kuifanya nusu saa nzima basi si ile.

Pima ukali kwa mdomo wako. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko kwenye wastani. Ukishindwa hata kusema "subiri", bonyeza kitufe cha kusimamisha, kimewekwa kwa ajili hiyo. Mwenye kutumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari aongee na kliniki yake kwanza, na awe na juisi karibu. Aliyejifungua karibuni asikimbilie video za kukunja tumbo, kwanza tuangalie kama misuli ya katikati haijaachana.

Pakua video mbili tu kwa bando la usiku, moja ya kutembea papo hapo na moja ya nguvu, ukae nazo wiki 4. Simu iinue iwe usawa wa macho. Wengi wanaiegemeza kwenye chupa ya chai sakafuni, halafu wananijia na shingo.

Yule mama hakununua mkanda. Jana amenitumia picha nyingine, chupa mbili za mchanga zimesimama juu ya kigae, moja imejaa hadi shingoni na nyingine imeishia chini kidogo. "Mwanangu daktari, nianze?" Nimemwambia azipeleke kwanza kwa Mangi dukani, aziweke kwenye mzani wa sukari.