Je, Wajua Ni Nani Aliyemwona Pundamilia wa Unguja?

Kusini mashariki mwa kisiwa cha Unguja, katika uwanda wa mawe wa Jambiani, lipo pango linaloitwa Kuumbi. Ndani ya udongo wa pango hilo wachimbaji wamekuta mifupa na meno ya pundamilia na ya nyati, wanyama ambao leo hawapo kisiwani hata mmoja. Mtoto akielezwa habari hii huuliza swali ambalo watu wazima wengi hulipita bila kuliona: ni nani aliyekuwapo akawaona? Waliowaona ni wawindaji wa kale waliolala ndani ya pango lile, nao hawakutuachia neno lolote. Walichotuachia ni mabaki. Kazi ya kuyafanya mabaki hayo yaseme, kisha kuyafikisha maneno yake kwa mtoto yule aliyeuliza, ndiyo kazi ya mtaalamu wa visukuku, na kwa maoni yangu nusu hizo mbili za kazi hazitenganiki.

Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe wa zamani sana iliyohifadhiwa ardhini: mfupa, jino, gamba, jani, hata unyayo. Mwenyeji wa Unguja hana haja ya kwenda mbali ili akione, kwani sehemu kubwa ya mashariki ya kisiwa ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe, na kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa jiwe hilo hilo. Mahali ambapo chokaa imebanduka, mtu akitazama kwa makini ataona maumbo ya matumbawe yaliyokuwa hai chini ya maji. Mifupa ya Kuumbi ni michanga mno ikilinganishwa na visukuku vingine vya dunia, na katika pango kama lile mtaalamu wa visukuku hukutana na mtaalamu wa mambo ya kale: huyu huchunguza athari za binadamu, yule huchunguza viumbe, na kila mmoja humhitaji mwenzake.

Basi anajuaje kwamba jino alilolishika ni la pundamilia na si la punda wa gari au la ng'ombe aliyekufa juzi? Huanza na umbo. Jino ni gumu kuliko mfupa, kwa hiyo hudumu zaidi, na linabeba habari za chakula. Mnyama anayekula nyasi husaga vumbi na mchanga pamoja na majani, na ndiyo maana jino lake huwa refu, lenye akiba ya kutosha kuchakaa maisha yote. Mikunjo iliyo juu ya jino la jamii ya farasi hailingani na ile ya ng'ombe wala nyati. Ndani ya jamii moja tofauti huwa ndogo zaidi, na hapo mtaalamu hulilinganisha jino lake na meno mengine yaliyohifadhiwa makumbusho, droo baada ya droo, mpaka aridhike. Kisha hutazama mahali lilipotoka. Tabaka za udongo hulaliana kama mikeka, ya zamani chini na ya karibuni juu, isipokuwa pale ambapo panya, mizizi au majembe ya watu yamevuruga mpangilio. Mkaa uliobaki katika tabaka moja na jino hupimwa umri kwa kaboni 14, aina ya kaboni iliyomo katika kila kilichowahi kuwa hai, ambayo nusu yake hupotea kila baada ya miaka 5,730, na njia hiyo hufika hadi miaka 50,000 hivi iliyopita. Zaidi ya hapo kilichobaki ni kidogo mno kupimika.

Vipimo vya Kuumbi vinaturudisha nyuma takriban miaka 20,000, wakati ambapo sehemu kubwa ya maji ya dunia ilikuwa imefungwa katika barafu, na bahari ilikuwa chini ya ilivyo sasa kwa mita 120 hivi. Mtu aliyewahi kusimama Jambiani wakati wa bamvua, akaona maji yalivyokupwa mpaka wakulima wa mwani wanatembea mbali kabisa na ufuko, anaweza kulifikiria kupwa hilo, ila lilidumu kwa maelfu ya miaka. Mkondo ulio kati ya Unguja na Bara ni wa kina kifupi, makumi machache tu ya mita, kwa hiyo ulikuwa nchi kavu. Pundamilia hakuogelea wala hakupandishwa jahazi. Alikuja kwa miguu. Barafu ilipoyeyuka maji yakapanda, na miaka kama 10,000 iliyopita Unguja ikawa kisiwa. Wanyama wakubwa waliobaki ndani yake walikuwa na malisho madogo na wawindaji karibu, na hatimaye wakatoweka.

Pemba ina habari nyingine. Mkondo unaoitenga na Bara una kina cha mamia ya mita, na kushuka kwa bahari kwa mita 120 hakukuweza kuukausha, kwa hiyo kisiwa hicho kimekaa peke yake kwa muda mrefu mno kuliko Unguja. Ndiyo maana mnyama wake mashuhuri ni popo mkubwa anayekula matunda, ambaye hapatikani kokote duniani isipokuwa Pemba, na ambaye jamaa zake wa karibu wapo Komoro na Madagaska, si Bara. Njia yake ya kufika ilikuwa mabawa.

Hapa ndipo inapoanza nusu ya pili ya kazi. Mambo niliyoyaeleza yameandikwa katika majarida ya kitaaluma, kwa lugha za kigeni, kwa istilahi ambazo hata msomi wa fani nyingine hazielewi. Mtaalamu akiishia hapo, mtu wa Jambiani aishiye hatua chache kutoka pangoni hatajua kilichomo. Lakini kusimulia sayansi si kutangaza maajabu. Anayemwambia mwanafunzi kwamba Unguja palikuwa na pundamilia, akanyamaza, amempa jambo la kushangaa siku moja. Anayemwonyesha jino, tabaka, mkaa na kina cha mkondo amempa njia ya kujua, na mwanafunzi huyo anaweza kuuliza swali ambalo mwalimu hakulitarajia.

Msimulizi mwaminifu pia hufichua mahali ambapo wataalamu wamebadili kauli. Pango la Kuumbi lilichimbwa mwaka 2005 chini ya Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ni uchimbaji huo uliolifanya lijulikane duniani. Mwaka 2012 kundi jingine lilirudi, likachimba upya na kupima upya, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya kisiwa kutengana na Bara pango liliachwa kwa maelfu ya miaka, kisha likarudiwa na watu wa zama za chuma. Picha hiyo ilitofautiana na ile ya awali. Sioni aibu yoyote katika tofauti hiyo, na ninasikitika kila ninaposikia watu wakiificha ili elimu ionekane haina shaka, kwa sababu kurudi kupima ndiko kunakoifanya elimu iaminike.

Ugumu mkubwa kuliko wote ni muda. Msikilizaji akiambiwa miaka 20,000, kisha milioni moja, kisha milioni 150, masikio yake husikia neno moja tu: zamani. Mimi hupenda kuhesabu kwa hatua. Tuseme hatua moja ya mtu mzima, sentimita 70, ni miaka 1,000. Wawindaji wa Kuumbi wako hatua 20, mwisho wa ua wa nyumba. Fuvu la jamaa wa kale wa binadamu aliloligundua mtafiti Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959 lina umri wa miaka milioni 1.75, nalo liko umbali wa zaidi ya kilomita moja. Fuvu hilo lilipewa jina la Zinj, jina la kale la pwani yetu ambalo limo pia ndani ya jina Zanzibar. Dinosaria wa Tendaguru, mkoani Lindi, waliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Kuwafikia itabidi uanzie Makunduchi, uvuke kisiwa chote hadi Nungwi, na bado utahitaji kuendelea baharini, kwa kuwa safari ni ya kilomita 105 na Unguja ina urefu wa kilomita 85 tu.

Tendaguru inatukumbusha wajibu mwingine, nao ni kutaja waliofanya kazi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walisafirisha kutoka huko zaidi ya tani 200 za visukuku, na mmoja wa majitu hayo amesimamishwa Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Mizigo hiyo ilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na msimamizi wa wachimbaji alikuwa Mwafrika, Boheti bin Amrani, ambaye jina lake halitajwi inavyostahili. Vivyo hivyo, mwaka 1984, ni Mkenya Kamoya Kimeu aliyekiona kipande kidogo cha fuvu karibu na Ziwa Turkana, kipande kilichofungua njia ya kupatikana mifupa ya mvulana aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Kamoya hakuwa na shahada alipoanza kazi. Alikuwa na jicho.

Leo njia ya kawaida hupitia chuoni. Anayeitaka kazi hii husoma elimu ya wanyama au elimu ya miamba, huendelea na shahada ya uzamili na ya uzamivu, na hutumia wiki chache za mwaka machimboni na miezi mingi akichekecha udongo, akisafisha vipande kwa brashi, akichora na kuorodhesha. Kwa upande wa usimulizi hakuna mtaala mmoja. Wapo wanaoingia madarasani, redioni na makumbusho, na alikuwapo Stephen Jay Gould, mtaalamu wa visukuku wa Marekani, aliyeandika makala 300 za kila mwezi kwa wasomaji wa kawaida, kuanzia mwaka 1974 hadi 2001, bila kukosa mwezi hata alipougua saratani.

Na usimulizi hulipa kwa namna isiyotarajiwa, maana anayesimuliwa hurudi na habari. Samaki aitwaye silikanti alijulikana kwa visukuku tu, na wataalamu waliamini kwamba alitoweka miaka milioni 66 iliyopita, mpaka mwaka 1938 huko Afrika Kusini. Nahodha mmoja wa meli ya uvuvi alikuwa na desturi ya kumwita Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho madogo ya mjini, aje kutazama samaki wageni. Siku hiyo miongoni mwao alikuwamo silikanti. Mwaka 2009 wavuvi wa Nungwi nao walimvua mmoja.

Kwa hiyo msomaji anayechimba kisima au msingi wa nyumba, akikuta mfupa au jino asilolitambua, asiling'oe. Mfupa uliotolewa mahali pake bila kuandikwa umepoteza tabaka lake, na pamoja na tabaka umepoteza umri. Apime kina kutoka juu, aupige picha ukiwa pale pale na sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane, aufunike tena kwa udongo ule ule, kisha apeleke habari kwa idara inayoshughulikia mambo ya kale.