Paka hapewi Panadol: ushauri wa nyumbani unaosambaa na ukweli wake

Ushauri mwingi wa nyumbani tunaopeana na watu tusiowafahamu hauna madhara. Ukiambiwa sufuria iliyoungua isuguliwe kwa jivu, ukajaribu na ikashindikana, umepoteza jasho tu. Ninaouandikia hapa ni ule ambao ukikosea hupati nafasi ya pili, na bado unasambazwa na watu wenye nia njema kabisa.

"Changanya Jik na siki au dawa ya choo, uchafu wote utatoka."

Huu natamani ufutwe kila mahali ulipoandikwa. Jik na dawa nyingine za kung'arisha nguo zina hipokloriti ya sodiamu. Ikikutana na tindikali, iwe siki, maji ya limau au dawa ya kung'oa ukoga wa choo, hutoa gesi ya klorini, gesi ileile iliyotumiwa kama silaha ya vita huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Vyoo na bafu zetu nyingi ni vidogo, dirisha ni matofali mawili yenye matundu, na anayesugua ameinama uso karibu na sakafu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama hapohapo alipo. Macho yanawasha, kifua kinabana, na mwenye pumu anaweza kuishia hospitali.

Amonia nayo ni vivyo hivyo. Ipo kwenye baadhi ya sabuni za kusafishia vioo na kwenye mkojo uliokaa, na ikichanganyika na Jik hutoa gesi nyingine kali, kloramini. Ndiyo maana choo humwagiwa maji mengi kwanza, Jik baadaye. Itumie peke yake, kwa maji baridi, mlango ukiwa wazi. Ukisikia harufu inayochoma koo, toka nje upate hewa. Usibaki kumalizia kusugua.

Bustanini pia kuna kuchanganya kusikofaa. Utasikia kwamba jivu likichanganywa na Urea au mbolea ya kuku iliyo mbichi, mchicha utanawiri haraka. Jivu ni zuri: lina potasiamu na kalisi, na hupunguza uchachu wa udongo. Tatizo ni kwamba ukali wake wa kialkali huigeuza naitrojeni ya mbolea kuwa gesi ya amonia ikapotelea hewani. Ile harufu inayopiga puani ni pesa uliyolipa dukani. Tia jivu mapema wakati wa kuandaa tuta, mbolea ije wiki kadhaa baadaye, nayo uifukie.

Nyanya zinazooza kitako, wengi wanaambiwa wazike maganda ya mayai. Ni kweli kitako huoza kwa kukosa kalisi kwenye tunda, lakini mara nyingi udongo unayo ya kutosha. Mmea ndio unashindwa kuifikisha kwa sababu leo umemwagiliwa sana na kesho umeachwa ukauke. Maganda huchukua muda mrefu mno kuoza, hayawezi kuokoa nyanya za msimu huu. Matandazo ya nyasi na umwagiliaji usiokatika vina faida kubwa zaidi. Ama kumwaga chumvi ili kuua magugu, usifanye kabisa mahali unapotaka kupanda tena.

Kwenye wanyama ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu mnyama hawezi kukataa anachopewa.

"Paka ana homa, mpe robo ya Panadol kama mtoto."

Paka si mtoto mdogo mwenye manyoya. Ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuivunja paracetamol, dawa iliyomo kwenye Panadol, na sumu inayozaliwa huharibu chembe nyekundu za damu zisiweze kubeba oksijeni. Ufizi hugeuka rangi ya kahawia au samawati, uso na miguu huvimba, anahema kwa shida. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Dawa ya kuipinga sumu hiyo ipo, lakini hufaa ikitolewa ndani ya saa chache, kwa hiyo usikae kumwangalia kama atapona. Mbwa naye, dawa ya maumivu ya ibuprofen huweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo. Na yale makombo ya pilau tunayowamiminia kila Ijumaa, kitunguu na kitunguu saumu vilivyomo huharibu damu yao pia.

"Akila sumu ya panya, mnyweshe maziwa." Maziwa hayaondoi nguvu ya sumu hiyo. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda. Mnyama anaonekana mzima siku ya kwanza na ya pili, mwenye mbwa anashukuru maziwa, kisha damu inaanza kuvuja ndani. Tiba yake ni vitamini K kutoka kwa daktari wa mifugo, na akiwahi hupona vizuri. Nenda na paketi ya sumu yenyewe ili aone ni ya aina gani. Mnyama anayetetemeka au aliyezimia usimlazimishe kunywa chochote, kitaingia kwenye mapafu.

Kuna pia oili chafu ya gari kwa mbwa mwenye upele. Upele huo huletwa na vimelea wadogo wasioonekana kwa macho. Oili iliyotoka kwenye injini ina mabaki ya metali na kemikali zinazopenya kwenye ngozi, na mbwa huimaliza kwa kujilamba. Daktari wa mifugo ana dawa inayopimwa kwa uzito wa mbwa.

"Kama mbwa anakunywa maji, hana kichaa."

Kuogopa maji ni dalili ya binadamu aliyekwisha kuugua. Mbwa mwenye kichaa anaweza kunywa maji, tena anaweza kuwa mpole, amelegea, mate yanamtoka, wala hajamfukuza mtu. Aliyeng'atwa huambiwa apake pilipili, mafuta ya taa au abandike jiwe jeusi. Hakuna hata kimoja kinachozuia virusi kuelekea kwenye ubongo. Kinachosaidia ni sabuni ya kawaida na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu kituo cha afya siku hiyohiyo kwa chanjo, na dozi zote zikamilishwe. Chanjo ya kwanza kwa mtu aliyeng'atwa alichomwa mtoto mmoja huko Paris mwaka 1885, chini ya mwanasayansi Louis Pasteur, na hakuugua. Dalili zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vipatavyo 59,000 kwa mwaka, na zaidi ya asilimia 95 viko Afrika na Asia. Karibu wanne kati ya kumi ni watoto. Mbwa saba kati ya kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Pemba wameliona hilo: ugonjwa ulirudi kisiwani mwaka 2016, na kampeni za kuchanja mbwa zikauondoa tena.

Kwenye simu na kompyuta nitapita haraka, isipokuwa jambo moja. Mchele haukaushi simu iliyoingia maji vizuri kuliko hewa ya wazi, na Apple yenyewe inaonya kwamba punje ndogo zaweza kuingia ndani na kuiharibu. Zima, futa, iache penye hewa, usichomeke chaji. Kuchaji simu mpya kwa muda wa saa nane kabla ya kuiwasha ni desturi iliyorithiwa kutoka betri za zamani za nikeli. Za lithiamu zinachoogopa ni joto, kwa hiyo usiilaze chini ya mto ikiwa kwenye chaji. Kubonyeza "refresh" mara kumi hakuongezi kasi ya kompyuta, kunachora upya orodha ya faili tu.

Jambo lenyewe ni hili: mtu usiyemjua akikuelekeza kufungua dirisha la amri, pale kompyuta inapoandikiwa maagizo, na kubandika mstari usioujua, acha. Miaka mingi watu walidanganywa wafute folda ya System32, yenye mafaili ambayo Windows haiwezi kuwaka bila hayo, ili kompyuta iwe nyepesi, nayo ikagoma kuwaka. Siku hizi mtego umebadilika: ukurasa unakuambia uthibitishe kuwa wewe si roboti kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Hakuna uthibitisho halali unaofanywa hivyo. Kwa hatua hizo unabandika na kuendesha amri yao, unajisakinishia mwenyewe programu ya kuiba manenosiri. Ukiwa umeshabonyeza, kata intaneti kwenye kompyuta hiyo, chukua kifaa kingine ubadilishe manenosiri ukianza na barua pepe, kisha benki, na waarifu wa ofisini kama mashine ni ya kazi.