Mkutano wa kusaidiana kuacha pombe: maana yake na namna ya kuufikia

Mkutano wa kusaidiana ni kikao cha watu wenye tatizo moja la pombe, ambao hukutana kwa muda wa saa moja hivi, bila daktari wala mhubiri kuwasimamia, ili kila anayetaka asimulie jinsi anavyoishi bila kunywa. Uzito wa neno uko kwenye kusaidiana. Anayezungumza amewahi kuamka mikono ikitetemeka na kuficha chupa nyuma ya gunia la mchele, sawasawa na yule anayemsikiliza, na kila mmoja anamhitaji mwenzake.

Maana hiyo inaonekana katika kisa kilichozaa Alcoholics Anonymous, umoja unaojulikana zaidi kwa jina la AA. Mwezi Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alijikuta hotelini mjini Akron, Ohio, shughuli iliyompeleka huko imeharibika na baa iko palepale karibu naye. Alikuwa na miezi mitano tu tangu aache pombe. Aliiendea simu, akaanza kupigia makanisa ya mji akiulizia mlevi mwingine wa kuzungumza naye, na mwishowe akakutanishwa na daktari wa upasuaji aitwaye Bob Smith. Daktari huyo alikubali kumpa robo saa. Walizungumza zaidi ya saa sita. Mwenye shida ya haraka siku ile alikuwa Wilson mwenyewe. Tarehe 10 Juni 1935, ambayo huhesabiwa kuwa siku Smith alipokunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo AA huadhimisha kama siku ya kuzaliwa kwake.

Ndani ya mkutano mambo ni mepesi kuliko wengi wanavyodhani. Kuna viti, mara nyingi chai, na mwanachama mmoja anayeongoza kwa siku hiyo. Anayesema huanza kwa jina lake la kwanza na kukiri kuwa yeye ni mlevi, nao wenzake humwitikia kwa jina hilo. Katika Kiswahili kukiri huko kuna ukali wake, kwa maana mlevi ni neno ambalo mtaa humtupia mtu akipita, na hapa mwenyewe analichukua na kulitamka kwanza. Asiyeliweza anaweza kusema tu kwamba pombe imemshinda. Mmoja akisema, wengine hawamkatizi wala hawamtolei ushauri. Kikapu hupitishwa kwa ajili ya kodi ya chumba na majani ya chai, lakini hakuna kiingilio wala ada, na sharti pekee la uanachama ni nia ya kuacha kunywa. Linalosemwa humo halitoki nje, na jina la uliyemwona humo halitajwi.

Kuna mikutano ya wazi, ambayo hata ndugu au mwanafunzi wa udaktari anaweza kuhudhuria, na ya faragha, iliyo ya wenye tatizo tu. Utasikia pia habari za mdhamini, ambaye hana uhusiano wowote na yule wa mkopo wa benki: ni mwanachama aliyetangulia, anayemwongoza mgeni katika hatua 12 za programu ya AA ya kuacha pombe na kupokea simu yake kiu inapombana usiku. Hatua hizo zinamtaja Mungu, kila mtu kwa jinsi anavyomfahamu, jambo linalowavuta wengine na kuwakera wengine. Hata hivyo mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565, yaligundua kuwa tiba zenye utaratibu maalumu za kumwingiza mgonjwa katika AA ziliwafanya wengi zaidi waache pombe kabisa kuliko tiba nyingine za mazungumzo.

Mkutano si hospitali, na hapa pana hatari. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akiacha ghafla anaweza kupatwa na degedege au kuweweseka ndani ya siku chache, hata kufa; huyo amwone daktari kwanza.

Kuupata mkutano huanzia kwenye tovuti ya AA, ambayo huelekeza vikundi vya nchi mbalimbali na mikutano ya intaneti. Kenya, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, namba 1192, hutoa ushauri na maelekezo. Zanzibar na Tanzania Bara zipo nyumba za upataji nafuu, ambazo watu huziita soba hausi, na ingawa wengi wanaoingia humo ni waraibu wa heroini, inafaa kuuliza huko juu ya pombe pia. Kabla ya kufunga safari, hakikisha kwa simu, kwa sababu orodha huchakaa: kikundi huhama ukumbi au hubadilisha siku bila tangazo kubadilishwa. Uliza pia kama mkutano ni wa wazi na unaendeshwa kwa lugha gani.

Siku ya kwanza inatosha kukaa karibu na mlango na kusema, zamu ikikufikia, kwamba leo unasikiliza tu. Ukikuta kikundi hakikukai vizuri, pengine kimejaa wazee na wewe una miaka 25, jaribu kingine kabla ya kuihukumu njia yote. Mke, mume au mzazi aliyechoshwa na pombe ya mwenzake ana vikao vyake mwenyewe, vya Al-Anon, vilivyoanzishwa mwaka 1951, na anaweza kuvihudhuria hata kama mnywaji bado hajakubali kwenda popote.